Kukausha Motokaa Baada ya Kuiosha: Ipi Njia Iliyo Bora?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na madereva)



Tumeombwa kusema leo juu ya jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo mno, lisilostahili kukusanyia watu: namna ya kukausha motokaa baada ya kuiosha. Twajua wako watakaosema, "Hilo nalo lina mafundisho gani? Gari likioshwa si litakauka lenyewe?" Sisi nasi tulisema hivyo hivyo siku za kwanza za kazi yetu, na hasara tuliyoiona ndiyo iliyotufundisha kusema vingine. Basi twawasihi mtusikilize kwa subira, na mwisho wa maneno yetu kila mtu apime mwenyewe kama yana faida ama hayana.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili lawahusu watu wa shamba. Zamani motokaa ilikuwa kitu cha kupita tu. Watoto waliikimbilia, nayo ikaacha vumbi ikaenda zake. Leo si hivyo. Iko pikapu ya mfanyabiashara wa mahindi, liko basi dogo liendalo sokoni, liko lori la chama cha ushirika, na kwa bahati njema sehemu nyingine liko gari la zahanati lichukualo wagonjwa na wajawazito. Mengi ya magari haya hayakununuliwa mapya. Yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi, na aliyelinunua amelipa jasho la mavuno mengi. Mali ya namna hiyo ikiliwa na kutu haipatikani nyingine kwa wepesi. Yatupasa kuitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wake wa maziwa.

KAZI YA JUA

Sisi watu wa nchi hizi ni wanafunzi wa jua tangu utoto. Twaanika mahindi na mihogo. Watu wa Unguja na Pemba waanika karafuu. Watu wa maziwa waanika dagaa. Nguo zikifuliwa, twazitundika juani. Kwa hiyo mtu akimaliza kuosha motokaa, mkono wake humwelekeza kuiacha pale pale juani, akaketi chini ya mwembe kuingoja. Hamwoni mtu wa kumlaumu, maana afanya alivyofundishwa na wazee wake katika kila kitu kingine.

Lakini motokaa si dagaa. Tazameni watu wa pwani wafanyavyo chumvi. Huyaingiza maji ya bahari katika mashamba mapana yenye kina kidogo, kisha huliachia jua kazi. Jua huyachukua maji, na chumvi hubaki. Huko Uvinza, katika Mkoa wa Kigoma, watu tangu zamani sana walipata chumvi kwa kuchemsha maji ya chemchemi zilizo na chumvi. Moto uliyachukua maji, chumvi ikabaki chunguni. Iwe ni jua, iwe ni moto, sheria ni moja: maji matupu huenda zake hewani, na yale yaliyokuwamo ndani ya maji huachwa nyuma.

Ndivyo ilivyo kwa motokaa. Maji ya kisima yamepita katikati ya mawe na udongo, nayo yamebeba chokaa na madini mengine ambayo jicho halioni. Mama achemshaye maji ya kisima katika birika lile lile kila siku atawaambieni habari zake, kwa maana ndani ya birika umeshika ukoko mweupe usiotoka kwa kusuguliwa. Waoshaji wa nchi kavu, kama Dodoma na Singida, ambako maji ya visima virefu aghalabu huwa na madini mengi, waujua ukoko huo vizuri.

Basi kila tone lililoachwa juu ya boneti ni shamba dogo la chumvi. Likikauka laacha duara jeupe. Duara hilo likifutwa mapema latoka. Lakini likiachwa, na jua la siku nyingi likalipika juu ya bati lenye moto, laganda, na mwisho laila rangi yenyewe hata mtu akipitisha kidole husikia shimo. Rangi nyeusi na rangi ya samawati iliyokolea ndizo zinazoonyesha aibu hii upesi kuliko nyeupe, na bati jeusi hushika moto zaidi. Hii ndiyo sababu ya neno letu la kwanza, ambalo twaomba mlichukue nyumbani: jua lakausha motokaa, lakini haliisafishi, huitia madoa.

UNENE WA RANGI NA UKALI WA MCHANGA

Rangi ya motokaa si ngozi moja. Juu ya bati pana rangi ya kushikia, juu yake rangi yenyewe tuionayo, na juu ya zote katika magari mengi ya siku hizi pana vanishi isiyo na rangi, ing'aayo kama kioo. Vanishi hii ndiyo ngao ya rangi. Je, unene wake ni kiasi gani? Kwa kawaida ni sehemu 40 au 50 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa kichwa chako huwa mnene kuliko hivyo. Ngao ya gari zima, basi, ni nyembamba kuliko unywele mmoja.

Sasa fikirini punje ya mchanga. Mchanga mwingi ni wa jiwe gumu lile lile linoalo shoka na jembe. Mtu akichukua kitambaa chenye punje kumi za mchanga, akakisugua juu ya vanishi kwa nguvu, amefanya kazi ya kunoa, si ya kukausha. Mkwaruzo mmoja hauonekani. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Baada ya mwaka motokaa huonekana imefifia, na ukiitazama juani waona mikwaruzo imeizunguka kama utando wa buibui. Mwenye mali husema rangi ilikuwa mbovu, kumbe rangi ilikuwa njema na kitambaa ndicho kilichokuwa kibovu.

HABARI YA MLANGO WA NYUMA

Tumesema juu ya madoa na mikwaruzo, nayo ni hasara ya uzuri. Liko jambo zito zaidi, nalo ni maji yaliyojificha. Tutawapeni habari tuliyoiona kwa macho yetu.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, dereva wa gari la zahanati, kijana mwenye bidii kutushinda sote. Barabara yao ilikuwa ya udongo mwekundu, na majira ya mvua gari lilirudi limepakwa tope hata vioo. Kila jioni kijana huyu aliliosha, akalifuta upande wa nje mpaka likang'aa, akafunga milango, akaenda zake kulala. Watu walimsifu, nasi tuliokuwa wakubwa wake kazini tulimsifu pamoja nao. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kutazama chini ya milango.

Kila mlango wa motokaa una tundu ndogo upande wa chini, ili maji yaliyoingia kando ya kioo yapate kutoka. Tundu hizo zilikuwa zimezibwa na tope. Maji ya kuoshea na maji ya mvua yakakaa ndani ya mlango, siku baada ya siku, gizani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Chuma kikikaa na maji na hewa pamoja, hakina budi kushika kutu. Majira ya tatu ya mvua, fundi alibonyeza chini ya mlango wa nyuma kwa kidole, na kidole kikapita. Mlango huo ndio ulioingizia machela. Ukawa haufungiki, ukafungwa kwa kamba, kisha gari likapelekwa kwa fundi, likakaa huko wiki mbili. Katika wiki hizo mbili wagonjwa wa kata ile walichukuliwa kwa pikipiki, na mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa alipakiwa hivyo hivyo usiku, mvua ikinyesha. Alifika salama, twamshukuru Mungu. Lakini tangu usiku ule sisi hatusemi tena kwamba kukausha motokaa ni jambo dogo.

Kijana yule hakuwa mvivu. Kosa lilikuwa letu tuliojua kidogo tukadhani twajua vya kutosha. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba ziko tundu nyingine hazitaki kuzibwa, bali zataka kuzibuliwa.

NJIA ZINAZOTUMIKA, NA UZURI NA UBAYA WAKE

Sasa na tuzipime njia moja moja.

Njia ya kwanza ni kuiacha motokaa ijikaukie yenyewe. Ubaya wake tumekwisha kuueleza. Iko ndugu yake, nayo ni kuiendesha ikiwa mbichi ili upepo uikaushe. Katika barabara ya lami njia hii husaidia kutoa maji yaliyojificha, lakini matone mengine hubaki na kuacha madoa. Katika barabara ya vumbi ni hasara tupu, kwa maana vumbi lashikamana na maji likawa tope, nawe wapaswa kuanza tena.

Njia ya pili ni nguo kuukuu: fulana, kanga iliyochakaa, au taulo la kuogea. Nguo ya pamba tupu iliyofuliwa mara nyingi huwa laini na hunywa maji. Asiye na kitu kingine asidharau kitu hiki. Lakini lazima aondoe vifungo, zipu na pindo nene, kwa kuwa hivyo hukwaruza. Tena nguo nyingi siku hizi si pamba tupu; zimechanganywa na nyuzi za kiwandani zilizofumwa bapa, nazo huyasukuma maji huku na huko wala haziyanywi. Ijaribu kabla: tia tone la maji juu ya nguo, likizama upesi, itafaa, likikaa juu kama umande juu ya jani la mgomba, itupe kando.

Njia ya tatu ni ukingo wa mpira wenye mpini, ule wafutiao vioo vya madirisha. Kwa vioo ni chombo chema na chepesi. Kwa rangi hatukipendi. Ukingo ule hauna manyoya ya kuificha punje ya mchanga; ikiwepo punje moja, mpira waiburuta toka mwanzo wa boneti hata mwisho, na mkwaruzo wake ni mmoja mrefu kama mstari wa daftari.

Njia ya nne ni ngozi laini. Hapo kale ilitengenezwa kwa ngozi ya mnyama wa milima ya Ulaya afananaye na mbuzi, aitwaye chamois; siku hizi aghalabu ni ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki. Ngozi hii hunywa maji mengi, nayo ilikuwa sifa ya madereva wa zamani. Masharti yake ni haya: haitumiwi ikiwa kavu, bali hulowekwa kwanza ikakamuliwa, husuuzwa mara kwa mara, na baada ya kazi huanikwa kivulini, kwa maana jua huifanya ngumu kama ngozi ya ngoma. Iko pia ya kuiga, iliyotengenezwa kiwandani, nayo hufanya kazi karibu sawa. Ubaya wa zote mbili ni kwamba ni bapa. Zikikutana na mchanga, mchanga hauna pa kuingia.

Njia ya tano ni taulo la maikrofaiba. Neno hili lina maana ya nyuzi ndogo mno. Mwaka 1970 kampuni ya Toray ya Japani ilitoa kitambaa kifananacho na ngozi laini, kilichotengenezwa kwa nyuzi nyembamba sana zilizobuniwa na Bwana Miyoshi Okamoto. Na baada ya hapo viwanda vingi vikafuata kutengeneza vitambaa vya nyuzi za namna hiyo. Taulo hizi hufanywa kwa nyuzi za polista na nailoni zilizopasuliwa hata zikawa nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Katikati ya nyuzi hizo maji hupanda kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa, na taulo moja nene huweza kushika maji yenye uzito unaolishinda lenyewe mara kadhaa. Tena lina manyoya marefu, hivyo punje ya mchanga iliyosalia huzama ndani ya manyoya badala ya kubanwa juu ya vanishi.

Njia ya sita ni mashine ya kupuliza upepo. Hii haigusi rangi hata kidogo, kwa hiyo haikwaruzi. Nayo hufika mahali ambapo hakuna kitambaa kifikacho: nyuma ya vioo vya pembeni, kandokando ya taa, katika vitasa na chini ya mipira ya milango. Lakini yataka umeme au petroli, na upepo wake uwe safi. Mashine iliyowekwa mahali pa vumbi hupuliza vumbi.

SHAURI LETU

Mkituuliza ipi iliyo bora, twajibu hivi. Kwa mwenye uwezo, taulo la maikrofaiba kwa sehemu zilizo wazi, na upepo wa mashine kwa sehemu zilizofichika. Kwa asiye na mashine, taulo mbili za maikrofaiba na milango iliyoachwa wazi kivulini. Kwa asiye na taulo hizo, pamba safi, laini, iliyowekwa kwa kazi hiyo peke yake. Lakini kwa wote neno ni moja: motokaa ikaushwe kwa mkono mara tu baada ya kuoshwa, kivulini, kwa kitambaa kisicho na mchanga, na mahali pasipoonekana pakaushwe kwa bidii ile ile ya mahali panapoonekana. Kitambaa cha bei kubwa katika mkono wa mtu mzembe hakiishindi pamba safi katika mkono wa mtu mwangalifu.

Na sasa mfuate utaratibu huu.

1. Motokaa iwe imesafika kweli. Kukausha uchafu ni kuupaka. Ukiona tope kidogo limebaki, usilifute kwa taulo. Rudi kwenye ndoo.

2. Maji ya mwisho yamwagwe polepole kutoka juu, yasirushwe. Yakimwagwa taratibu huteremka pamoja kama shuka na kuyachukua matone mengi. Yakirushwa huacha matone maelfu. Mwenye bomba na atoe kichwa cha kunyunyizia. Mwenye ndoo na ainamishe ndoo taratibu.

3. Ukiweza, maji haya ya mwisho yawe ya mvua. Maji ya mvua hayakupita katika mawe, kwa hiyo yana madini machache mno, na hata tone likibaki huacha alama ndogo au haliachi kabisa. Mwenye paa la bati na pipa ana hazina ambayo watu wa mjini huinunua kwa mashine za kuchuja. Maji ya kwanza ya mvua, yaliyoosha vumbi la paa, yasiingie katika pipa hilo; na yaliyomo yaachwe yatulie. Ndoo moja yatosha kwa kusuuzia, wala hatusemi mwanamke apunguziwe maji ya kupikia kwa ajili ya motokaa.

4. Anza juu, shuka chini: paa, vioo, boneti, buti, milango, na mwisho sehemu za chini zilizo karibu na magurudumu. Uchafu mwingi hukaa chini; anayeanza chini huupandisha juu.

5. Usisugue. Tandaza taulo juu ya bati kama utandikavyo kitambaa mezani, ligandamize kwa viganja, kisha liinue, au livute kwako taratibu bila kulikandamiza. Nguvu zako ziweke kwa jembe, hapa hazitakiwi.

6. Taulo likianguka chini, kazi yake imekwisha siku hiyo. Hata ukilikung'uta mara kumi, mchanga umebaki ndani. Ndiyo sababu twasema taulo mbili.

7. Magurudumu yawe na kitambaa chao. Unga mweusi wa breki una vipande vya chuma ndani yake. Kitambaa kilichofuta gurudumu kisiguse rangi kamwe.

8. Fungua milango yote, na buti, na kifuniko cha tangi la mafuta. Futa miimo ya milango na mipira yake. Zitazame tundu za chini ya milango, uzizibue kwa kijiti laini, usitumie msumari, kwa maana msumari hukwaruza rangi na kuikaribisha kutu. Iache milango wazi kwa muda, kivulini, ipate hewa.

BREKI

Neno hili twalisema kwa madereva hasa. Motokaa iliyotoka kuoshwa ina maji katika breki zake, na breki iliyolowa hushika kwa uvivu. Kabla ya kuingia barabara yenye watu, nenda mwendo wa polepole mahali palipo wazi, ukikanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa. Joto lake litayakausha maji, nawe utasikia zimerudi kushika. Tena, usiioshe motokaa jioni, ukavuta breki ya mkono ingali mbichi, ukaiacha siku kadhaa. Kutu huweza kuzishikamanisha breki za nyuma, na asubuhi gurudumu likakataa kuzunguka. Ikauke kwanza. Ikiwa mahali ni tambarare, iache katika gia na utie kigingi nyuma ya gurudumu.

MAHALI PA KAZI

Wako wanaoingiza magari yao ndani ya mto au ukingoni mwa ziwa, wakayaosha humo na kuyaacha yakauke juu ya mchanga. Desturi hii ina hasara mbili. Mafuta na sabuni huteremka kwa wale wanywao maji upande wa chini. Tena katika maji ya namna hiyo mna konokono wachukuao kichocho. Huko Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, matabibu waliwachunguza waosha magari katika miaka ya 1990, kwa kuwa kazi yao ya kusimama majini iliwatia katika ugonjwa huo tena na tena. Basi chota maji, uyalete penye kivuli na changarawe, mbali na kisima. Kivuli cha paa ni bora kuliko cha mti, kwa maana mti hudondosha utomvu na ndege hudondosha yao.

Watu wa pwani, kutoka Lamu hata Mtwara, wana jambo lao zaidi. Upepo wa bahari umebeba chumvi, na chumvi huiharakisha kutu. Kwao si vema kukausha bila kusuuza kwanza chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi. Tena kuosha mara kwa mara ni akiba, si anasa.

KUTUNZA TAULO, NA KUONDOA MADOA YA ZAMANI

Taulo za maikrofaiba zifuliwe peke yake kwa sabuni kidogo, zisuuzwe sana. Zisichanganywe na nguo za pamba, maana hushika manyoya yake. Zisitiwe ile dawa ya kulainishia nguo, kwa sababu huzipaka nyuzi mafuta zikakataa kunywa maji. Zisipigwe pasi ya moto, kwa kuwa nyuzi zake huyeyuka. Zikikauka, zitiwe katika mfuko safi, mbali na zana za fundi.

Na ikiwa madoa meupe yamekwisha kuingia? Changanya siki nyeupe na maji safi, sawa kwa sawa. Chovya kitambaa laini, kiweke juu ya doa kwa muda mfupi, futa kwa upole, kisha suuza kwa maji mengi na ukaushe. Ifanye kazi hii kivulini, bati likiwa baridi. Chokaa huyeyuka kwa ukali wa siki. Doa lisilotoka kwa njia hiyo huenda limekwisha kula vanishi, na hilo ni kazi ya fundi wa rangi.

NENO KWA WALIMU

Walimu wetu, twawaombeni jambo moja jepesi. Chukueni vipande viwili vya kioo, mviweke juu ya kitambaa cheusi, juani. Juu ya kimoja mdondoshe matone ya maji ya kisima. Juu ya cha pili, matone ya maji ya mvua. Ongezeni cha tatu, chenye maji ya kisima yaliyofutwa mara moja kwa kitambaa safi. Waacheni watoto watazame mpaka vyote vikauke, kisha wawaambie wenyewe walichokiona. Mtoto aliyeviona vioo vile atakuwa amejifunza habari za chumvi ya pwani, za ukoko wa birika, na za motokaa, yote kwa somo moja. Naye akirudi nyumbani atamfundisha baba yake.

Nanyi wazee mnaosimamia mali ya wote, lori la ushirika na gari la zahanati, msiridhike kuona boneti linang'aa siku ya mkutano. Mwambieni dereva afungue milango mbele yenu, mwiname pamoja naye, mtazame chini. Msimwendee kwa kumshutumu, bali mwendeeni kama watu wanaoshiriki mali moja na hofu moja. Sisi hatukuinama wakati ule ilipotupasa kuinama, na aliyelipa alikuwa mama mwenye uchungu, juu ya pikipiki, usiku wa mvua.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye swali na aulize, na mwenye motokaa iliyolowa na ailete hapa kivulini tuikaushe pamoja.